Foleni ya Alhamisi

Ofisi ya Mkaguzi wa Polisi wa Kata pale Kansay, wilayani Karatu, ni chumba kimoja mwishoni mwa jengo la mtendaji, na mlango wake unatazamana na benchi la duka la Patrisi. Likumbukeni hilo benchi, maana ndilo lililozaa mambo yote haya. Ndani ya chumba kuna meza, viti vitatu, kabati lisilofunga vizuri, na kitabu kikubwa cha kuandikia taarifa za uhalifu. Kwa miaka mitatu kitabu hicho kilikaa mbele ya mkaguzi mwenyewe, Nanyori, na kurasa zake karibu zote zilikuwa nyeupe pe. Tena alijivunia weupe huo, akiupigia debe kila mkutano.

Nanyori ni mtoto wa Lengai wa Soitsambu, huko upande wa Loliondo. Alikua akichunga ndama, akasoma mpaka sekondari kwa sababu mama yake, Nosim, alimng'ang'ania mzee mpaka mzee akachoka kukataa. Hamu ya upolisi ilimwingia akiwa na miaka kumi na miwili. Ng'ombe saba wa boma lao waliibiwa, na askari kutoka Wasso akafika siku ya tatu, vumbi hadi kwenye kope. Ilikuwa si kosa lake, jamani. Askari walikuwa wachache, barabara yenyewe mnaijua. Akauliza rangi za ng'ombe, akaandika, akaondoka. Nanyori alikuwa anawajua wale ng'ombe mmoja mmoja kwa majina, na hakuna aliyemwuliza kitu. Akamwambia mama yake, "Yeyo, mimi nitakuwa askari wa siku ya kwanza." Mama akacheka, akamwambia akakamue kwanza.

Basi akawa askari kweli, akapanda vyeo taratibu, na alipofika Mkaguzi Msaidizi akapangiwa Kansay. Loo, watu walicheka mpaka wakashika mbavu! Polisi Mmaasai kuletwa kulinda ng'ombe wa Wairaqw! Mzee Hilari, mwenyekiti wa kikundi cha ulinzi shirikishi, alimpokea siku ile ya kwanza huku akitikisa kichwa.

"Binti yangu," alisema, "babu zetu walichimba nyumba ndani ya ardhi ili babu zako wasiwaone ng'ombe wetu. Leo serikali imekuletea funguo za zizi."

"Mzee wangu," Nanyori akajibu, "babu zangu walikuwa wanasema ng'ombe wote duniani ni wao. Mimi nimekuja kuhesabu tu kama wote wapo."

Mzee Hilari alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na tangu siku ile wakawa kama baba na mwana. Alimfundisha kusalimia kwa Kiiraqw, "Saita," na kila alipoisema kwa lafudhi yake ya Kimaasai watoto walimwigiza njia nzima.

Namna yake ya kazi ilikuwa kutembea. Pikipiki alikuwa nayo, lakini mafuta yalikuwa ya kubahatisha, na isitoshe aliona mtu aliye juu ya pikipiki hasikii kitu. Alikuwa anatembea kitongoji kwa kitongoji na Mzee Hilari, wakikaribishwa togwa hapa, mahindi ya kuchoma pale. Wakisikia ndugu wawili wamegombania mpaka wa shamba, wanakaa nao hadi jua linageuka. Wakisikia fahali wa Abraham ameingia kwenye maharage ya watu kwa mara ya tatu, wanamwendea Abraham kabla ya mwenye maharage hajamwendea na panga. Mambo yaliishia kwenye vigoda, hayakufika kwenye kitabu. Nanyori alikuwa na msemo wake kwamba akiandika maana yake amechelewa. Mwaka mzima uliopita aliandika mara sita.

Sasa niambieni, kazi nzuri kama hiyo ingemponza mtu vipi? Ilimponza. Mwezi wa tano mwanzoni, simu ikalia. Alikuwa ni Mkuu wa Polisi wa Wilaya, Afande Silvanus, mtu wa haki lakini mwenye usingizi mchache.

"Nanyori, nina askari wa kuhesabu kwa vidole," alisema. "Msimu wa watalii huo unaingia, magari ya safari yatapanga mstari kutoka mjini mpaka lango la hifadhi, na vizuizi vyangu viwili vya barabarani havina watu. Nimeagizwa nipunguze kwenye kata zenye matukio machache. Nimepitia takwimu. Kansay, sita. Sita, mwaka mzima!"

"Afande, ni kwa sababu…"

"Najua ni kwa sababu unafanya kazi. Lakini karatasi haijui. Mwisho wa mwezi nakuja kukagua kitabu, halafu nakuhamishia kizuizini. Kansay itahudumiwa na mkaguzi wa kata ya jirani, atakuwa anapita akipata nafasi."

Nanyori aliweka simu mezani na roho ikamuuma vibaya. Hakuwa na kinyongo na Afande. Hesabu ilikuwa hesabu. Kilichomkata maini ni lile neno, atakuwa anapita akipata nafasi. Alilijua neno hilo tangu utotoni. Lilikuwa na maana ya siku ya tatu.

Alimweleza Mzee Hilari peke yake, wakiwa njiani kutoka msibani. Mzee alisimama, akaegemea fimbo yake.

"Kwa hiyo kinachokuondoa ni kitabu kitupu?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Kingekuwa kimejaa ungebaki?"

"Labda. Lakini si mimi wa kuombea watu mabaya ili nibaki."

"Hapana, hapana," mzee akasema, akaanza kutembea tena, safari hii haraka kuliko kawaida yake. Nanyori angemjua vizuri zaidi angeshtuka hapo hapo.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, Nanyori alifika ofisini saa mbili asubuhi akakuta watu. Si wawili, si watatu. Foleni ilianzia mlangoni, ikapita duka la Patrisi, ikazunguka hadi kwenye josho. Akadhani kumetokea mauaji. Akafungua mlango, akaketi, akafungua kitabu, akamkaribisha wa kwanza.

Wa kwanza alikuwa Mama Petronila, kiongozi wa kwaya, amevaa za Jumapili. Alilalamika kwamba jogoo wa jirani anawika kabla ya wakati, tena kwa makusudi. Nanyori aliandika, akiwa bado na mshtuko. Wa pili alikuwa Patrisi mwenyewe, akalalamika kwamba kuna watu wanakalia benchi lake bila kununua kitu.

"Watu gani?"

"Wote, afande."

Akaandika. Wa tatu alikuwa Abraham, amevua kofia. Alikuja kujishtaki.

"Kwa kosa gani?"

"Sijajua bado. Lakini najishuku."

Kalamu ikapunguza mwendo. Wa nne na wa tano walishtakiana wao kwa wao kwa kutazamana vibaya, huku wakisukumana kwa furaha. Wa sita alikuwa Mzee Hilari, akaripoti wizi wa mbuzi, nao ukaandikwa.

"Mbuzi yuko wapi, mzee?"

"Yuko nyumbani, amefungwa. Lakini alitaka kuibiwa, niliona machoni."

Nanyori akaweka kalamu chini. "Mzee Hilari. Ni wewe?"

"Tulikaa kikao," mzee akasema bila aibu hata kidogo. "Ulisema kitabu ni kitupu. Tumekuja kukijaza. Tuko arobaini na moja, na kitongoji cha juu bado wako njiani."

"Mnajua kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa?"

"Basi liandike hilo nalo, mara arobaini na moja. Si ndivyo kinavyojaa?"

Jamani, utafanyaje na watu kama hawa? Nanyori alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza kutoka akaona hayako tayari kukoma. Wale watu waliomcheka alipofika walikuwa wameacha majembe asubuhi ya kazi, wakavaa nguo nzuri, wakaja kumsingizia jogoo ili yeye asiondoke. Hakuwahi kupendwa na umati namna ile. Alijifuta uso kwa kiganja, akaitazama kalamu, na hapo hapo shetani akampitia. Angeandika tu. Kurasa nne tu zingetosha. Afande Silvanus angeona Kansay imechafuka, kizuizi kingetafutiwa mtu mwingine, na yeye angeendelea kunywa togwa na Mzee Hilari hadi astaafu.

Hakuandika. Hakuwafukuza vilevile, maana kumfukuza mtu aliyekuja na mapenzi ni ukatili. Alisema atawasikiliza mmoja mmoja, kisha atawapa onyo kila mmoja, na hakuna la uongo litakaloingia tena kitabuni. Foleni ikasogea. Kicheko kilisikika hadi josho.

Ilikuwa karibu saa tano alipoingia mwanamke mmoja asiyemfahamu. Alikuwa mtu wa makamo, kitenge kimefifia kwa jua, ameshika kikapu chenye vitunguu juu. Akaketi ukingoni mwa kiti. Kwa matamshi Nanyori alijua ni mtu wa Singida, mmoja wa vibarua wanaokuja kwenye mashamba ya vitunguu huko bondeni na kulala kambini hadi mavuno.

"Naitwa Salima," alisema, kwa sauti ya chini sana. "Afande, langu mimi si kuku."

Akasimulia upesi upesi, macho yakiwa kwenye kikapu. Nyapara wa shamba alikuwa anamwandama binti yake wa miaka kumi na tano. Wiki iliyopita, mama akiwa shambani, alisukuma mlango wa kibanda na kuingia. Binti akapenya nyuma, akakimbilia kwenye mifereji, akajificha humo hadi mama aliporudi. Na si yeye peke yake. Kulikuwa na mabinti wengine kambini, na mama zao walikuwa wamemeza ndimi, kwa sababu nyapara alishasema atakayefungua mdomo atalala njiani na watoto wake.

"Kwa nini hukuja siku ile ile, mama?"

"Nilikuja. Nimekuja mara nne." Salima akageuza jicho kidogo kuelekea mlangoni. "Pale dukani wamekaa watu. Mtu akiingia humu, kabla hajatoka habari imeshafika bondeni. Nikawa nanunua chumvi narudi. Leo nimekuta kila mtu anaingia. Nikasema leo hakuna wa kuniuliza."

Nanyori akapima kwa jicho kutoka mlangoni hadi benchi. Kumbe yule mama alikuwa amesimama hatua kumi kutoka mlangoni, mara nne, na yeye ndani akijisifia kurasa nyeupe. Miaka mitatu alikuwa ametembea kila kitongoji, lakini alitembea na wazee kwa wazee, kwenye nyumba zenye baba anayejulikana na vigoda vya kukalia. Kambini alipita mara moja, akasalimiana na huyo huyo nyapara, akaambiwa hakuna shida, akaondoka. Alijisikia aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Mlango ulikuwa wazi, foleni ilikuwa inachungulia. Ukiufunga kwa ajili ya huyu mmoja, umeshamtangaza. Nanyori akafungua ukurasa mpya, akapaza sauti mpaka Patrisi akasikia kule dukani.

"Haya, huyo kuku wako ana rangi gani?"

Salima aliinua macho kwa mara ya kwanza. Akaelewa. "Mwekundu," akasema, naye kwa sauti.

"Alipotea lini?" akauliza Nanyori kwa sauti kubwa, na kwa sauti ya chini, "Jina la nyapara. Na majina ya wale mabinti wengine."

Wakaendelea hivyo robo saa nzima, kuku juu, ukweli chini, na watu wa foleni wakalalamika kwamba huyu mgeni na kuku wake wanawachelewesha. Nanyori aliandika kila neno, kwa mwandiko wa kuheshimika. Lilikuwa tukio la saba kwenye kurasa za siku ile, na la kwanza la kweli.

Mchana ule ule hakungoja gari, kwa sababu gari halikuwepo la kungojwa. Alimpigia simu Afande, akapata ruhusa, akapanda pikipiki na Mzee Hilari nyuma yake, na vijana wawili wa ulinzi shirikishi wakafuata kwa pikipiki ya Patrisi. Nyapara walimkuta shambani, amesimama juu ya tuta akiwasimamia watu. Alipoambiwa yuko chini ya ulinzi, alicheka kwanza, kisha uso ukabadilika.

"Nani kasema? Nitajieni aliyesema!"

Mzee Hilari alivuta pumzi, akapanga fimbo yake vizuri. "Chagua mwenyewe," alisema. "Leo ofisini kwa afande wameingia watu zaidi ya arobaini."

Nyapara akawatazama wanawake waliokuwa kwenye matuta, mmoja mmoja, na kila mmoja akamtazama vilevile bila kuinamisha kichwa. Akafungwa pingu, akapelekwa mjini. Kesho yake Salima na binti yake walikwenda Karatu, kwenye dawati la jinsia na watoto, na mama wawili wengine wa kambini wakaomba lifti kwenda nao. Mwenye shamba alitumiwa ujumbe kwamba hakuna kibarua wa kufukuzwa kibandani, na Nanyori alirudi mwenyewe siku mbili mfululizo kuhakikisha.

Mwisho wa mwezi ukafika, na Afande Silvanus akafika nao. Aliketi kwenye kiti cha wageni, akavaa miwani, akafungua kitabu. Nanyori alisimama wima, mikono nyuma.

"Jogoo kuwika kabla ya wakati," Afande akasoma. "Kwa makusudi." Akafunua. "Kujishuku. Nanyori, hii ni nini?"

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi ya kusema chochote. Alisema kweli tupu. Alieleza kikao cha Mzee Hilari, na yale sita aliyoyaandika kabla hajagutuka, na kwamba wino haufutwi kwenye kitabu cha serikali, kwa hiyo kama kuna adhabu anaipokea. Kisha akageuza kitabu mpaka kwenye taarifa ya Salima.

"Hii soma taratibu, afande."

Afande akaisoma taratibu. Akavua miwani.

"Mwaka jana niliandika sita," Nanyori akasema, "nikadhani watu wangu wana amani. Kumbe wengine walikuwa wanashindwa kuvuka pale mbele ya benchi. Usinipunguze kwa sababu ya kitabu kitupu, afande. Kitabu kitupu maana yake kazi sijaimaliza. Kama nimekosea kuandika jogoo, nipe barua ya onyo. Lakini usinipeleke kizuizini wakati hawa mama ndio kwanza wameijua njia ya kuja."

Afande Silvanus aliinuka, akaenda mlangoni. Pale dukani kulikuwa na watu saba kwenye benchi, wote wametulia kabisa, wote wamegeuza masikio. Aliwatazama, kisha akamgeukia Nanyori.

"Askari wa kukuongezea sina," alisema. "Gari sina. Kizuizi nitakipangia zamu nyingine, na ikibidi nitasimama mimi. Wewe utabaki hapa, lakini utachukua na ile kata ya jirani siku mbili kwa wiki, na kambi zote za vitunguu nataka uzipite kwa miguu. Na onyo utapata, la maandishi. Jogoo, Nanyori!" Akatoka huku mabega yakimtikisika, na watu wa benchi wanaapa kwamba alikuwa anacheka.

Mzee Hilari alipopewa habari alikusanya wazee, wakasimama wakamwombea Nanyori slufay, ile dua ndefu ya Kiiraqw, mzee mmoja akitangulia na wengine wakiitikia. Hakuelewa maneno yote. Alilia hata hivyo, na safari hii hakujifuta.

Ila kulikuwa na jambo moja lililobaki. Benchi la Patrisi lilikuwa bado lipo, na huwezi kuwaambia watu wa Kansay wasikae. Nanyori alimweleza Mzee Hilari, na mzee hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alhamisi iliyofuata, saa mbili asubuhi, foleni ilikuwa imeanza tena. Mama Petronila na jogoo wake. Abraham na kofia mkononi, bado anajishuku. Hakuna kinachoandikwa, wanaingia, wanakaa kidogo, wanauliza hali ya mama Nosim huko Soitsambu, wanatoka wakinung'unika kwa sauti kwamba hawakutendewa haki. Katikati yao, mara moja moja, yuko mwenye jambo lake la kweli, na benchi zima halina habari ni yupi.

Mwezi wa saba, Alhamisi moja yenye upepo wa vumbi, Salima alikuwa kwenye foleni. Nanyori alimwona kwa mbali akashtuka, akadhani yule nyapara amepata dhamana amerudi. Lakini Salima alikuwa ametulia, amejifunga kitenge kipya, na alikuwa anacheka na Mama Petronila. Zamu yake ilipofika aliingia akaketi, safari hii kiti kizima.

"Afande," alisema, kwa sauti ya kufika dukani, "kuku wangu mwekundu amepotea tena!"

Nje foleni ikaguna kwamba huyo kuku naye amezidi. Salima akainuka, akahamia kwenye kile kiti cha pili cha wageni kilichokuwa kando ya kabati, na hapo ndipo Nanyori alipomwona msichana aliyeingia nyuma yake. Alikuwa mgeni, miguu imejaa vumbi la bondeni, vidole vyake vimeshika ncha ya kitenge cha Salima. Nanyori akafungua kitabu kwenye ukurasa mweupe, akachukua kalamu.

"Karibu, mwanangu," alimwambia kwa sauti ya chini, kisha akaipandisha. "Na wewe, kuku wako ana rangi gani?"